Matunda ya Kujaza na Kuoka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara, Kutoka Jiko la Lamu

Maswali haya yametoka kwa watu wanaoshika mwiko kila siku: akina mama wa Mkomani na Langoni, vijana wanaowaandalia wageni chai ya asubuhi kule Shela, na mabinti walio karibu kuolewa wanaotafuta kitu cha kuwashangazia wakwe. Ninayejibu ni mpishi wa nyumbani, na upendeleo wangu nauweka wazi mapema. Naamini tunda lililochaguliwa vizuri halihitaji sukari, na naamini makaa kuliko oveni.

Kwani matunda ya kujaza na kuoka ni kitu gani?

Ni tunda zima au nusu yake, lililotolewa mbegu au kokwa, shimo lake likajazwa tende, njugu, nazi, nafaka au viungo, kisha likaokwa kwa moto wa taratibu mpaka nyama yake ilainike. Maji ya tunda huingia kwenye mjazo, na mafuta ya mjazo huingia kwenye tunda. Uingereza na Ujerumani hufanya hivyo kwa tofaa wakati wa baridi, wakalijaza zabibu kavu na mdalasini. Sisi tuna ndizi mbivu za tui, ambazo ni jamaa wa karibu wa chakula hiki. Mtu aliyekulia kwenye ndizi za tui hawezi kuniambia kwamba tunda la moto ni jambo geni kwake.

Sina oveni. Nifanyeje?

Huihitaji. Nyumba inayojua kuoka mkate wa sinia au kupalia wali tayari ina vifaa vyote. Washa makaa kwenye seredani (jiko la makaa), na yakishika sawasawa uyagawe: theluthi moja ibaki chini, theluthi mbili zipande juu ya kifuniko. Mgao huu ndio siri yote. Moto wa chini ukizidi, kitako cha tunda kinaungua na huku mjazo haujapata joto. Moto wa juu ndio unaoupa mjazo ile rangi ya kahawia na kuzifanya korosho zinukie.

Sufuria iwe nzito, na kifuniko kiwe bapa, au tumia sinia kuukuu ya bati inayoweza kubeba makaa bila kupinda. Tunda lisikae juu ya chuma kitupu. Kata uti wa jani la mgomba vipande, upange chini ya sufuria, kisha uweke matunda juu yake. Mimina vijiko vitatu vinne vya maji au tui jepesi pembeni ili pasikauke. Funika, palia makaa juu, na usifunue kila dakika; kila ukifunua unapoteza joto na unamwaga majivu ndani.

Wakati mzuri kuliko wote ni baada ya kupakua wali. Makaa bado yana nguvu ya kutosha kwa tunda lakini si kali tena, na usipoyatumia yatazimika bure. Mimi matunda ya kesho asubuhi nayaoka usiku kwa moto huo wa masalio.

Wenye jiko la gesi, tafuteni sufuria kuukuu nzito, mtie mchanga mkavu uliopepetwa wa unene wa vidole viwili, kigae bapa juu yake, halafu bakuli la kuhimili moto lenye matunda. Funika na upashe mchanga robo saa kabla ya kuweka matunda. Mchanga wa ufuoni uoshwe kwanza kwa maji baridi uishe chumvi, la sivyo chumvi hiyo itakula sufuria. Gesi haina moto wa juu, kwa hiyo tunda halitapata rangi nzuri, lakini utamu hautapungua. Ila msitumie kwa kazi hii sufuria zisizoshika chakula, kwa sababu ule utando wake hutoa mvuke wenye madhara ukipata joto kali ukiwa mkavu.

Na jambo moja lisilo la mzaha: makaa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu. Okea uani, au fungua madirisha na mlango. Seredani yenye makaa isilale ndani ya chumba na watu.

Tunda gani linafaa?

Lile ambalo ungeliacha siku moja au mbili zaidi kama ungetaka kulila hivi hivi. Tunda lililoiva kabisa lina maji mengi na nyama yake imeshalegea. Ukiliongezea moto, linageuka uji. Libonyeze kwa kidole gumba: likibonyea kidogo na kurudi, hilo ndilo. Likibaki na alama ya kidole, lile sasa hivi.

Kwa embe, nachagua ngowe. Ni refu, lina ncha iliyojikunja kama mdomo wa kasuku, nyuzi zake ni chache, na nyama yake hubaki na umbo. Embe la Apple nalo ni zuri, hasa kwa sababu ya duara lake, mashavu yake mawili yakikatwa yanakuwa vikombe. Maembe yenye nyuzi nyingi yaache ya kukamua sharubati. Msimu mkubwa wa maembe pwani huangukia kaskazi, Novemba hadi Machi, na kuna mwingine mdogo katikati ya mwaka. Nje ya miezi hiyo usilazimishe; ndizi ziko mwaka mzima.

Kwa ndizi, mkono wa tembo iliyoiva na kuwa ya manjano yenye madoa meusi machache. Kisukari ni tamu, lakini ni ndogo na huyeyuka kabla mjazo haujaiva.

Papai ni rahisi kuliko yote: likate nusu kwa urefu, kwangua mbegu, tayari una mtumbwi. Ladha yake ni ya upole mno, lipe ndimu nyingi. Pera lina harufu inayojaza nyumba, ila mbegu zake ni ngumu. Chota sehemu ya katikati, ichuje kwenye chujio, rudisha rojo lake kwenye mjazo. Nanasi lipasue kwa urefu pamoja na majani yake, ondoa ule moyo mgumu, chota nyama uache ukuta wa sentimita mbili.

Tofaa, ambalo mapishi mengi ya kigeni huanzia hapo, linatufikia kutoka mbali, mengi yakiwa ya Afrika Kusini. Ukilinunua, chukua la kijani, Granny Smith: ni chachu na halibomoki. Yale mekundu ya Red Delicious yanapendeza machoni tu, yakiokwa yanakuwa kama unga uliolowa. Na kwa sisi wa kisiwani, matunda yanayovuka kutoka Mokowe, upande wa bara, yamepakiwa, yamepakuliwa, na yamebebwa na punda. Lizungushe tunda mkononi kabla ya kulipa. Palipogongwa patakuwa shimo jeusi baada ya kuokwa.

Tofaa langu hupasuka kila mara. Kwa nini?

Mvuke umekosa pa kutokea. Chora mstari mwembamba kwa ncha ya kisu kuzunguka kiuno cha tofaa, ukate ganda tu. Ganda litaachana hapo na tunda litavimba bila kupasuka. Unapotoa moyo, usitoboe mpaka chini. Acha kitako chenye unene wa kidole, vinginevyo mjazo wote utavuja. Na usiushindilie, kwa sababu tende na nafaka huvimba.

Nipe mjazo mmoja ambao hauniangushi.

Huu hapa, unatosha matofaa manne au mashavu manne ya embe. Tende laini 8 zilizotolewa kokwa, robo kikombe cha korosho zilizokaangwa na kupondwa vipande vipande (zisiwe unga), kijiko kimoja cha chakula cha ufuta uliokaangwa, vijiko vitatu vya nazi iliyokunwa, iliki punje nne zilizotwangwa, robo kijiko cha chai cha mdalasini, maji ya nusu ndimu, chumvi ya ncha ya kidole, na kasimile (tui zito la kwanza) vijiko vinne.

Anza na tende. Ziponde kwa uma pamoja na kasimile mpaka ziwe rojo zito, kisha changanya vilivyobaki. Onja kabla ya kujaza. Ukihisi utamu tu na hakuna kingine, ongeza ndimu. Ndimu na chumvi ndizo zinazotenganisha mjazo mzuri na halua iliyotiwa ndani ya tunda. Korosho na ufuta lazima zikaangwe kwanza, kwa sababu ndani ya mjazo wenye unyevu hazitakaangika tena, zitachemka.

Ufuta na korosho hatuviagizi mbali, vinalimwa upande wa bara wa kaunti yetu hii hii, na korosho ziko pia huko Kilifi. Ukikosa korosho, tumia njugu karanga. Lozi ni nzuri, kama mfuko unaruhusu.

Niongeze sukari kiasi gani?

Usiongeze. Zaidi ya nusu ya uzito wa tende ni sukari tayari, na tunda likiokwa maji yake hupungua, utamu ukakolea. Kama tunda lenyewe ni chachu sana, kijiko kimoja cha asali kwa tunda zima kinatosha.

Mama ana kisukari. Anaweza kula?

Kipande kidogo, na badala ya tende mjazo uwe wa korosho, ufuta, nazi na mdalasini. Chagua tofaa au pera kuliko ndizi mbivu, kwa sababu ndizi inavyozidi kuiva ndivyo wanga wake unavyogeuka kuwa sukari. Ale na ganda pale linapolika, maana nyuzinyuzi hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Lakini neno “bila sukari” lisiwadanganye: sukari ya tunda pia huhesabiwa. Anayetumia dawa au sindano azungumze na daktari wake kuhusu kiasi chake mwenyewe, si changu.

Je, moto hauui vitamini?

Vitamini C hupungua, kweli. Haipendi joto, na huyeyuka kwenye maji, ndiyo maana yale maji yanayobaki chini ya sufuria nayarudisha juu ya tunda badala ya kuyamwaga. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi Januari 1499 akirudi kutoka India, mabaharia wake walikuwa hoi kwa kiseyeye, na walichokililia ni machungwa. Mabichi, hakuna aliyewaokea. Kwa hiyo ukitaka vitamini C, kula chungwa au pera bichi.

Lakini nyuzinyuzi hazipotei kwa kuokwa, wala potasiamu ya ndizi. Na ile rangi ya manjano ya embe na papai, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hufyonzwa vizuri zaidi ikiliwa pamoja na mafuta. Kasimile hapo inafanya kazi zaidi ya kuleta ladha.

Nilimimina mtindi kwenye nanasi, ukawa mchungu. Tatizo ni mtindi?

Tatizo ni nanasi lisilopikwa. Lina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa, na papai bichi lina ndugu yake, ndiyo maana wapishi hulainishia nyama kwa papai. Moto hukiua. Nanasi likiokwa mpaka likatokota katikati, mtindi au maziwa hayatakuwa machungu. Ukitaka mjazo wa mayai na maziwa ndani ya nanasi, oka nanasi tupu kwanza kwa robo saa, ndipo umimine.

Muda gani kwenye moto?

Kwa oveni, nyuzi 180 za selsiasi zinafaa matunda yote haya. Ndizi ndani ya ganda lake huchukua dakika 15 hadi 20. Embe na pera, 20 hadi 25. Nusu ya papai au nanasi, kama nusu saa, nanasi wakati mwingine zaidi. Tofaa zima, 35 hadi 45. Kwa makaa, saa haisaidii sana kwa sababu hakuna makaa mawili yanayofanana. Chomeka njiti ya meno karibu na ganda. Ikiingia bila kubishana lakini tunda bado limesimama, epua. Tunda huendelea kuiva kwa joto lake hata likiwa mezani.

Korosho zikiungua kabla tunda halijalainika, funika juu kwa jani la mgomba. Lipitishe kwanza juu ya moto lilegee, lisipasuke. Foili hufanya kazi hiyo hiyo, ila jani linaacha harufu nzuri na halinunuliwi.

Tofauti ya kuandaa kwa asubuhi na kwa baada ya chakula ni ipi?

Asubuhi tunda libebe njaa, kwa hiyo lipate nafaka. Chukua mkate wa mofa uliokauka, uvunjevunje, uloweke kwenye tui jepesi kwa dakika kumi, uchanganye na ule mjazo wa tende. Mofa ya mtama ina uchachu fulani na haigeuki gundi kama mkate wa dukani. Oti nazo zinafaa, mradi ziloweke pia. Zikiingia kavu zitanyonya maji yote ya tunda na bado zitakuwa ngumu. Kikombe cha chai ya rangi pembeni, au mtindi, na mtu ameshiba mpaka adhuhuri. Wanaopikia wageni Shela nawashauri wajaze usiku, waweke kwenye friji, waoke asubuhi. Mgeni anaamshwa na harufu ya iliki.

Kwa baada ya chakula, punguza. Nusu ya tunda kwa kila mtu, mjazo mdogo, bila nafaka, na kasimile baridi ya kumiminia juu. Watu wameshakula pilau, hawahitaji mlo wa pili.

Na Ramadhani?

Kwa futari naona ni bora kuliko kaimati za sukari, ingawa nikisema hivyo mezani kwetu sitaeleweka. Tende ziko tayari kila nyumba mwezi huo. Kwa daku, oka ndizi na mjazo wenye oti au mofa, kwa sababu nafaka na njugu hukaa tumboni. Usizidishe chumvi wala tende, zitakutia kiu mchana.

Nitumie viungo gani vingine?

Kungumanga kidogo kwenye papai. Karafuu moja tu iliyotwangwa kwa matunda manne, ikizidi utadhani umetoka kwa daktari wa meno. Tangawizi mbichi kwenye nanasi. Matone ya maji ya waridi kwenye tofaa baada ya kuepua, kwa sababu harufu yake hupaa kwenye moto. Zafarani sioni faida yake hapa, inamezwa na tende. Arki ya vanila ya chupa siitumii kabisa.

Siagi, samli au nazi?

Kasimile kwa matunda yetu, samli kwa tofaa. Ukikosa samli, siagi inatosha.

Watoto wadogo?

Asiyefikisha mwaka mmoja asipewe asali, hata ikiwa imeokwa, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vinavyomdhuru mtoto wa umri huo. Kwa walio chini ya miaka mitano, njugu zote zisagwe ziwe laini, zisiwakabe. Na kabla ya kumpa mtoto wa mwenzako, uliza: mzio wa korosho na karanga upo na unaweza kuwa wa hatari. Mjazo wao uwe nazi, tende na ndizi. Pia subiri upoe. Tende iliyookwa hushika joto muda mrefu na inaunguza ulimi wakati ganda la nje tayari ni baridi.

Yanakaa muda gani?

Kwenye friji, siku tatu. Yenye kasimile, mbili. Nje, katika joto letu, yasizidi saa mbili, maana nazi huchacha haraka, hasa kaskazi. Ukipasha moto, pasha kwa sufuria yenye maji kidogo na kifuniko. Kuyagandisha sikushauri, embe na papai yakiyeyuka yanatoa maji na kulala chini.

Maikrowevu?

Tofaa litaiva kwa dakika chache, lakini litakuwa limechemshwa kwa mvuke. Hakuna rangi, hakuna ile harufu. Kama ni asubuhi ya haraka, sawa.

Shambani kwetu kuna mikorosho. Naweza kujaza mabibo, yale matunda yake, na kutumia korosho zake mbichi?

Bibo ni maji na ukakasi, likipata moto linanywea na shimo la kujazia halibaki. Likamue unywe. Korosho zilizo ndani ya maganda ndizo za kuogopa zaidi: ganda lake lina mafuta makali yanayobabua ngozi, na moshi wake huwasha macho na kifua. Kama nyumbani hakuna anayejua kuzichoma nje na kuzibangua, nunua zilizobanguliwa. Mwembe na mkorosho ni wa ukoo mmoja, kwa hiyo mtu ambaye midomo humwasha akila embe na ganda alichote nyama kwa kijiko, ganda aliache kwenye sahani.